Kutengeneza vitabu vidogo na watoto wa darasa la awali: mwongozo kamili

Mara ya kwanza nilipotengeneza vitabu na watoto wa miaka mitano, niliwagawia karatasi zikiwa bado hazijakunjwa. Choreni kwanza, nikawaambia, tutakunja baadaye. Walichora kwa bidii ya siafu, nami nikapita katikati ya meza nikijisifu kimoyomoyo. Tulipokunja, nusu ya picha zikawa kichwa chini miguu juu. Mtoto mmoja alikigeuza kitabu chake mara mbili, tatu, kisha akanijia: "Mwalimu, baba yangu kasimama kwa kichwa."

Tangu siku hiyo nina sheria moja isiyovunjwa: kunja kwanza, andika namba za kurasa, ndipo krayoni iguse karatasi. Mengine yote humu unaweza kuyabadilisha kulingana na darasa lako. Hilo hapana.

Kitabu cha kwanza kiishe siku hiyohiyo

Walimu wengi huanza na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kurasa nyingi na hadithi ndefu. Kinapendeza kwenye mpango wa somo, lakini mtoto mdogo hana subira ya kitabu cha wiki mbili. Siku ya tatu ameshasahau alichotaka kusema, na siku ya nne anachora gari juu ya hadithi ya ndege. Mwishowe mwalimu anabaki na rundo la vitabu nusunusu, anavimalizia mwenyewe jioni, na vinakuwa vitabu vya mwalimu.

Kitabu kidogo chenye picha sita na maneno sita kikianzwa na kumalizika leo, mtoto akakisoma leo mbele ya mwenzake, kesho atakusubiri mlangoni akiuliza kama karatasi zipo. Huyo ndiye wa kupewa kitabu cha siku tatu.

Kwa hiyo anza na kitabu cha karatasi moja, kisichohitaji gundi, uzi wala stepla. Kwa watoto wa miaka minne hadi saba kinatosha kwa muhula mzima ukitaka, kwa sababu umbo likishazoeleka akili yote inahamia kwenye kile cha kuandikwa.

Vifaa

Karatasi za A4, penseli, krayoni au penseli za rangi, na mikasi yenye ncha butu. Kama una mtoto anayetumia mkono wa kushoto, mtafutie mkasi wa mkono wa kushoto. Wa kawaida humnyima kuuona mstari anaoukata, na utamdhania mzembe bure. Kalamu za maka ziweke kando kwa sasa, wino wake hupenya hadi upande wa pili.

Usinunue karatasi mpya kwa kazi hii. Katika kitabu hiki upande mmoja tu wa karatasi ndio unaoonekana, ule mwingine unafichwa ndani ya mikunjo. Karatasi iliyokwisha kuchapwa upande mmoja inafaa kabisa.

Kitabu cha karatasi moja, kurasa nane

Tengeneza chako mwenyewe mara tatu kabla ya kuingia darasani. Ukisitasita mbele ya watoto, nao watapotea hapohapo.

1. Laza karatasi mezani ikiwa imelala kwa upana, upande safi ukikutazama. Kama ina maandishi nyuma, yawe chini.
2. Ikunje kwa urefu: ukingo mrefu wa chini ukutane na ule wa juu. Bonyeza mkunjo, kisha kunjua.
3. Sasa kutanisha kingo fupi, wa kushoto juu ya wa kulia. Bonyeza. Usikunjue.
4. Kunja tena kwa mwelekeo uleule, ukingo ulio wazi uje ukutane na mkunjo. Bonyeza, kisha kunjua karatasi yote. Utaona vyumba nane vinavyolingana, kila kimoja takribani milimita 74 kwa 105.
5. Rudia mkunjo wa hatua ya tatu tu, ili karatasi iwe na nusu ya upana. Kata kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, hadi unapokutana na mkunjo unaokatiza. Simama hapo.
6. Kunjua, kisha ikunje tena kwa urefu kama hatua ya pili, safari hii upande safi ukiwa nje. Shika ncha mbili, sukuma kuelekea katikati. Tundu litafunguka mfano wa almasi. Endelea kusukuma mpaka kurasa zipange umbo la jumlisha.
7. Zilaze kurasa upande mmoja, zizungushe ziwe kitabu, kisha bonyeza mgongo.

Umepata jalada la mbele, kurasa sita za ndani na jalada la nyuma. Watoto wakiona hatua ya sita kwa mara ya kwanza huguna kama wanaoona kiinimacho. Waache wagune. Rudia mara mbili.

Kukunja hufundishwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo walimu wengi hupita haraka. Mtoto akiachiwa karatasi hukunja kwa kubonyeza katikati kwanza, halafu anatumaini pembe zitajipanga. Hazijipangi. Mkunjo unapinda, wa pili unapinda zaidi, na ukifika kwenye mkasi kitabu kimekuwa pembetatu.

Mfundishe kwa mpangilio huu. Kwanza pembe zikutane; mimi husema "pembe ibusu pembe" na darasa zima hurudia kwa kicheko. Pili, mkono mmoja ukae juu ya pembe kama mlinzi na usiondoke. Tatu, mkono wa pili ushuke taratibu mpaka kwenye mkunjo, ubonyeze katikati ya mkunjo, kisha utelezee nje, kushoto na kulia. Mwisho, kupiga pasi: kucha ya kidole gumba, au mgongo wa kijiko, upite juu ya mkunjo mara mbili.

Wape siku moja nzima ya kukunja karatasi chakavu bila kutengeneza chochote. Inaonekana kama kupoteza muda, ila inaokoa wiki. Na usitafute ukamilifu: tofauti ya milimita mbili tatu haimzuii mtu kusoma.

Kwenye kukata, kosa ni lilelile kila mwaka. Mtoto anakata kuanzia upande ulio wazi badala ya upande wa mkunjo, na karatasi inaachana. Nawafundisha kuipapasa karatasi kwanza: upande mmoja una mdomo wazi, mwingine umefumba mdomo. Mkasi unaingia upande uliofumba. Nachora mstari wa penseli na kuweka nukta kubwa mwishoni, nayo tunaiita kituo. Mkasi ukifika kituoni unashuka. Akivuka kituo, kipande cha selotepu kinamaliza msiba.

Kama mikasi ni michache na watoto ni wengi, kata wewe. Kwa watoto wa miaka minne mimi hukata zote usiku wa kuamkia somo, nao wanabaki na kukunja na kusukuma. Pia unaweza kuchana bila mkasi: kunja mstari mbele na nyuma mara kadhaa, pitisha kidole chenye unyevu kidogo juu yake, weka rula, vuta taratibu.

Kitabu kikishasimama, andikeni namba pamoja. Jalada halina namba. Ukurasa unaofuata ni 1, hadi 6. Tumieni penseli, namba ndogo, pembeni chini. Kazi hii ya dakika tatu inamfundisha mtoto mambo ambayo sisi tumesahau kuwa tuliwahi kufundishwa: kwamba kitabu kina mbele na nyuma, kina juu na chini, na kurasa zina mfuatano.

Kabla ya kuandika, aseme

Usimwambie mtoto "andika hadithi". Hilo hata mtu mzima hulikimbia. Mwambie ashike kitabu chake kitupu, aguse ukurasa wa 1 na kusema kitakachokuwepo. Aguse wa 2, aseme. Hadi 6. Kisha arudie kwa mwenzake wa pembeni. Akikwama ukurasa wa 4, ni afadhali akwame sasa kuliko akiwa na krayoni mkononi.

Kwa kitabu cha kwanza kabisa tumia sentensi moja inayojirudia, mtoto abadilishe neno la mwisho tu. "Mikono yangu inaweza…" imenitumikia vizuri miaka mingi: kupiga makofi, kufunga kamba, kuchana nywele, kumsukuma mdogo wangu. Au "Naogopa…", ambayo huzaa vitabu vya kweli kuliko vyote, ila uwe tayari. Yapo mambo yatakayoandikwa humo ambayo hayahitaji kusomwa mbele ya darasa, na mengine yanahitaji uongee na mzazi au mlezi kwa utulivu.

Baadaye ongeza aina nyingine: kitabu cha kuhesabu, kitabu cha herufi moja, kitabu cha jinsi ya kufanya jambo ambalo mtoto analijua kuliko wewe. Kitabu cha mafumbo kinapendwa sana: ukurasa mmoja unauliza "Nani yuko nyuma ya mlango?" na kipande cha karatasi kilichobandikwa juu yake kinafunguka kama mlango. Gundi ipakwe ukingo mmoja tu wa mlango huo. Lisemee mara mbili, na bado watatu watapaka mlango mzima na kumfungia ndani mwenye nyumba.

Nani anashika kalamu

Katika darasa moja utakuwa na watoto wa namna tatu, na wote watengeneze kitabu siku hiyohiyo.

Wapo ambao bado wanachora mistari ya zigizaga na kuiita maandishi. Waache waandike hivyo, kisha uwaombe wakusomee. Mtoto aliyejua kwamba alama zilizo chini ya picha zina maneno ndani yake ameshapiga hatua kubwa.

Wapo wanaosema vizuri lakini mkono haujafika. Hawa wakuambie maneno nawe uandike, neno kwa neno, kama walivyosema. Hapa ndipo mwalimu anajaribiwa. Binti mmoja aliniambia niandike: "Paka kalala juu ya kiatu cha baba, sasa kiatu kina nywele." Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyoosha sentensi iwe "Paka amelala juu ya kiatu", fupi, safi, ya kitabu cha kiada. Nikajizuia. Nilipomsomea alichosema, kidole kikifuata kila neno, alinyamaza kidogo, akaweka kidole chake kwenye neno la mwisho na kuuliza, "Hii ndiyo nywele?" Kama ningeandika sentensi yangu asingekuwa na neno la kutafuta.

Wapo pia wanaoandika wenyewe kwa sauti wanazozisikia. Kiswahili kinawapendelea hawa, kwa kuwa tunaandika karibu kama tunavyotamka. Hata hivyo utaona "bwa" badala ya mbwa, "yoka" badala ya nyoka, "gobe" badala ya ng'ombe. Sauti zinazopita puani ndizo za mwisho kushikwa na penseli. Usizisahihishe kwa kalamu nyekundu ndani ya kitabu chake. Ukitaka, andika sentensi yote kwa herufi ndogo kwenye jalada la nyuma, ili msomaji mwingine aweze kuisoma, na siku nyingine fanyeni somo la "mb" na "ny" kwa darasa zima. Vitabu vyao vimekuonyesha pa kuanzia bila mtihani.

Suala la mwalimu kuchora mfano ubaoni: sikubaliani nalo, japo najua linatuliza darasa. Ukichora nyumba moja ubaoni utapata nyumba 30 zinazofanana, na kila mtoto ambaye yake haikufanana ataomba karatasi nyingine.

Wakishazoea: kitabu cha kushona

Mtoto atakuja kusema kurasa sita hazimtoshi. Hapo mpe kitabu cha kushona. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara moja katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo hesabu huenda kwa nne: karatasi mbili, kurasa nane; tatu, kumi na mbili. Usizidishe tatu na jalada la manila, maana zaidi ya hapo kitabu kinakataa kufumba na vidole vidogo vinashindwa kupenyeza sindano.

Kunja kila karatasi peke yake, kisha zipachike moja ndani ya nyingine, jalada likiwa nje. Fungua katikati. Weka alama tatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa, na moja sentimita tatu kutoka kila ncha. Kutoboa ni kazi yako, si ya mtoto. Weka kadibodi nene chini na utoboe kwa sindano kubwa au msumari mwembamba kutoka ndani kuelekea nje.

Uzi uwe mrefu mara tatu ya mgongo wa kitabu, na sindano iwe ya plastiki au ile butu ya kufumia. Mtoto aanzie ndani: aingize tundu la katikati, atokee nje, aache mkia wa urefu wa kiganja ndani. Aende tundu la juu, aingie ndani. Aruke tundu la katikati, aende la chini, atokee nje. Arudi katikati, aingie ndani. Sasa ncha mbili za uzi zipo ndani; zikae pande mbili za ule uzi mrefu unaopita katikati, zifungwe juu yake. Usipoubana uzi huo mrefu ndani ya fundo, mshono utalegea kabla ya wiki kuisha.

Ukipenda stepla ni haraka zaidi, lakini stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Ifungue iwe bapa, laza kitabu juu ya kadibodi laini jalada likiwa juu, gonga, kisha kunja miguu ya pini ndani kwa mgongo wa kijiko. Funika miguu hiyo kwa selotepu; mtoto hupitisha kidole katikati ya kitabu kila anaposoma.

Kitabu cha kukunjuka, kwa mambo yenye mfuatano

Mbegu inayoota, safari ya kutoka nyumbani hadi shuleni, mtoto anavyokua: haya yanataka kitabu kinachofunguka chote kwa mara moja. Kata A4 kwa urefu upate vipande viwili. Kunja kipande katikati, kisha rudisha ncha ya juu hadi kwenye mkunjo, geuza, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Una milango minne inayosimama yenyewe mezani. Ukitaka minane, bandika vipande viwili kwa kupandishia sentimita moja. Kabla ya kukunja, kipande cha kwanza kipunguzwe sentimita moja ili cha pili kibaki kirefu kwa sentimita hiyo ya kupandishia, la sivyo mlango mmoja utakuwa mwembamba na mtoto atakuuliza kwa nini.

Kitabu kimoja cha darasa zima

Kila mtoto ukurasa mmoja, wote wakijibu swali moja. Hiki ni rahisi kuliko vyote na kina mtego mmoja. Kabla ya kugawa karatasi, chora mstari sentimita tatu kutoka ukingo wa kushoto na useme huo ni mgongo, hakuna mtu anayechora hapo. Mimi niliwahi kusahau, na kamba ikapita kwenye jicho la tembo, mwenye tembo akalia mpaka saa ya kwenda nyumbani. Toboa matundu mawili, unganisha kwa kamba isiyobana sana, na jalada liwe la boksi lililokatwa.

Jalada lije mwisho

Jina la kitabu hutoka kwenye kitabu, kwa hiyo watoto wachague jina baada ya kumaliza kurasa. Chini yake waandike jina lao, na nyuma tarehe. Tarehe ni ya kwako zaidi: ukipanga vitabu vitano vya mtoto mmoja kwa mfuatano wake, utaona kwa macho jinsi herufi zilivyozaliwa, na mzazi akija huna haja ya maelezo marefu.

Kama mmetumia gundi, weka plastiki kati ya jalada na ukurasa wa kwanza na ulaze kitabu chini ya kitu kizito hadi asubuhi. Gundi ya unga wa ngano, sehemu moja ya unga kwa nne au tano za maji, ikikorogwa motoni mpaka iwe nzito, inashika vizuri sana karatasi na boksi. Pika ya kutosha siku moja au mbili, kwa sababu huchacha.

Kisomwe

Tenga dakika kumi mwisho wa siku. Mwandishi anakaa kwenye kiti cha mwalimu, anaonyesha jalada, anataja jina la kitabu na la mwandishi, anasoma. Wawili kwa siku wanatosha. Wasikilizaji waruhusiwe swali moja moja, na swali liwe juu ya kitabu. Asiyetaka kusoma mbele ya wote amsomee rafiki mmoja pembeni.

Baada ya hapo vitabu viwe mahali ambapo watoto wanaweza kuvifikia bila kuomba. Kamba iliyofungwa usawa wa macho yao, na vibanio vya nguo, inafaa kuliko kabati zuri lenye ufunguo, kwani majalada yanaonekana yote. Waazime kwenda navyo nyumbani, kila mmoja akichora alama yake kwenye daftari la kuazimia. Vitachanika. Kikichanika, muite mwandishi wake akitengeneze kwa selotepu kabla hakijarudi kambani, na mwenye kukichana amshikie ncha.